Begi la Baba limeonekana, shida ni kuliomba

Begi la Baba limeonekana. Sasa shida ni nani ataliomba.

Jana alirudi na ndege kutoka Dar, begi halikutokea. Ndani kulikuwa na suti yake mpya ya kuvaa kwenye posa yangu ya leo, kitambaa alichagua Mama mwenyewe.

Watu wa ndege wakasema begi lilifika, ila kuna abiria kalibeba kimakosa, kwa hiyo wao hawahusiki.

Baba akawajibu, "Mimi nililikabidhi kwenu. Huyo abiria simjui."

Basi leo hapa nyumbani Vudee kapokea wageni na sweta la shamba. Kanuna, ila kwa adabu.

Mshenga akaingia. Mzee mrefu, koti la kijivu, mikono imeishia karibu na viwiko.

Mama akanifinya. "Hilo si koti la baba yako?"

Mshenga akaanza kwa kuomba radhi kwa mavazi. Eti uwanjani alichukua begi linalofanana na lake, kaja kugundua asubuhi gesti huko Same, na asingeweza kuja kuposa na fulana.

Mgeni wa posa unamvuaje koti?

Hapo simu ya Baba ikaita. Watu wa ndege. Na Baba simu yake ni spika tu, siku zote.

"Mzee, tukumbushe, kwenye begi kulikuwa na nini?"

Baba akamtazama mshenga.

"Koti la kijivu," akasema. "Ila msihangaike. Liko hapa kwangu, linakunywa chai."

Niambieni jamani, hapo nimeposwa au bado?