Urefu wa Mkono wa Pedeli

Baiskeli ililetwa na binti yangu juu ya pikapu, imefunikwa blanketi na kufungwa kamba kila upande. Mume wake anafanya kazi Kigali, mahali wanapokodisha baiskeli za milimani kwa wageni, na walipoleta mpya wakawagawia wafanyakazi zile za zamani. Yeye akachukua moja ya umeme, akasema ni ya mama mkwe. Alikuwa amenisikia kwenye simu nikilalamika kwamba tangu nistaafu ualimu sijapata njia rahisi ya kumwona mama yangu. Mimi naishi Kibingo, mama yuko Isingiro kwenye kibanja, shamba la migomba alikoolewa, na katikati kuna vilima ambavyo miguu yangu ilikuwa imeshavichoka. Bodaboda naziogopa.

"Hii haikuendeshi yenyewe, mama," binti yangu aliniambia akiishusha. "Unakanyaga, na mota inakusaidia. Usipokanyaga haiendi."

Nilijifunza kwa siku nne kwenye uwanja wa shule niliyofundisha, asubuhi kabla watoto hawajafika. Baiskeli nilikuwa naijua tangu utoto, lakini hii ilikuwa na matairi manene na mwili mzito, na ukikanyaga tu unasikia kama mtu amekuweka mkono mgongoni. Siku ya tano nikapanda kilima cha kwanza kuelekea Isingiro bila kushuka. Nilifika juu nikasimama, nikageuka kuangalia migomba iliyojaa bondeni, na sikuwa nahema. Nilifurahi kama msichana.

Furaha hiyo ilikaa wiki mbili. Goti langu la kushoto ni bovu, si kwa ajali yoyote, ni miaka ya kusimama mbele ya ubao. Kila pedeli ya kushoto ilipofika juu goti lilikunjwa kupita lilivyotaka, na mahali pale pale, mzunguko baada ya mzunguko, nikawa nachomwa kama na msumari. Tena kule bondeni njia ina mawe. Siku moja pedeli iligonga jiwe, baiskeli ikaruka pembeni, nami nikajikuta nimelala kwenye shina la mbuni wa watu. Mwenye shamba alinisaidia kuinuka. Alinipa pole, kisha akaangalia baiskeli kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi.

Jioni hiyo nikampigia simu mkwe wangu. Ni kijana mwenye heshima, na kwa kuwa mimi ni mama mkwe wake huwa anazungumza na mimi kama mtu aliyesimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baiskeli yako imeniangusha."

Akataka kujua kama nimeumia, kisha akaniuliza maswali mengi: goti linauma pedeli ikiwa wapi, urefu wangu ni kiasi gani, kiti nimekiweka kimo gani. Mwishoni akasema, "Mama, tatizo ni krenki. Ile mikono ya chuma inayobeba pedeli ni mirefu kwako. Iliwekwa kwa ajili ya wanaume warefu. Tukikuwekea mifupi, mguu utazunguka duara dogo, goti halitakunjwa sana, na pedeli haitashuka hadi kwenye mawe."

Akanitumia picha. Kumbe urefu umechongwa kwa ndani ya mkono wenyewe, namba ndogo ambayo sikuwahi kuiona: milimita mia moja na sabini. Ipo ya mia sitini na tano, mia sitini, mia hamsini na tano, mia hamsini. Alisema wengi wenye kimo changu huchukua ya mia sitini na tano, lakini kwa mtu mwenye goti bovu hawezi kuamua yeye akiwa Kigali. "Chagua mwenyewe, mama. Goti ni lako."

Nilikwenda kwa fundi wa pikipiki wa pale kwetu, mwanamume wa makamo ambaye nilimfundisha hesabu. Alizungusha pedeli kwa mkono, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, mkono mfupi hauna nguvu. Ni kama kufungua nati kwa spana fupi. Kilima kitakushinda."

"Lakini kuna mota."

Akafikiri. "Kuna mota," akakubali. "Basi utakanyaga haraka haraka na mota itafanya iliyobaki. Ila mimi usiniulize namba. Sijawahi kuona mtu anapunguza krenki."

Mimi niliwahi. Nilipokuwa natoka pale, nikiisukuma baiskeli, ndipo Tata alipokuja kichwani. Tata ndivyo tulivyomwita baba, kwa Kinyambo. Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, nyeusi, yenye kapu la waya mbele na karia pana nyuma. Kwa baiskeli hiyo alipeleka ndizi sokoni na kahawa ya maganda, iliyokaushwa bila kukobolewa, kwenye mnada wa chama cha ushirika. Nikiwa darasa la tatu aliteleza nayo kwenye mteremko, imebeba mikungu mitatu, na goti lake la kulia likavunjika. Lilipopona lilikuwa limekakamaa, linakunjika nusu tu. Baiskeli ikaning'inizwa kwenye ghala la kahawa. Kwa muda mrefu maganda yalibebwa na mama kichwani, na Tata alikuwa akitembea nyuma yake na fimbo, bila kuongea.

Kisha siku moja baiskeli ikashushwa, na mkono wa pedeli ya kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto. Mhunzi mmoja wa jirani, mzee aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana, alikuwa ametoboa tundu jipya karibu na katikati, akachonga hesi za kufungia pedeli, akakata kipande kilichobaki. Tata akaanza kuendesha tena. Mguu mmoja ulizunguka duara kubwa, mwingine duara dogo, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Ungemtambua kutoka kilima cha pili.

Na mimi niliona aibu. Watoto wa shule walikuwa wakiiga mwendo ule. Asubuhi moja, akiwa amenipakia kwenye karia, nilimwomba anishushe kabla ya njia panda ya shule, nikasema nataka kutembea na wenzangu. Alisimamisha, akanishusha, akaniambia nisome vizuri. Kuanzia siku hiyo akawa ananishusha pale pale bila kuombwa. Sikuwahi kujua kama alielewa. Nafikiri alielewa.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa mama. Vilima nilipanda nikisukuma, tambarare nikakanyaga. Nilimkuta nyuma ya jiko anamenya ndizi. Nilimwamkia kwa Kinyambo, nikakaa kwenye kigoda, na alipoona ninavyoshuka kukaa akauliza mara moja.

"Goti linauma ukikunja au ukinyoosha?"

"Nikikunja."

"Kama la baba yako."

Nikamweleza habari za krenki na zile namba. Nikamwambia nilikuwa nakaribia kuchukua ile ambayo wengi wanachukua. Mama aliweka kisu chini.

"Sasa wengi wana goti lako?" Akainuka, akajifuta mikono kwa kanga. "Lete hiyo baiskeli ukutani. Mimi ndiye niliyempima baba yako."

Nilishangaa. Maisha yangu yote nilidhani Tata alikwenda kwa mhunzi mwenyewe. Mama akaniambia hapana. Tata alikuwa amekata tamaa kabisa na baiskeli, alitaka kuiuza. Usingizini alikuwa akikunja mguu wake mwenyewe bila kujua, na mama akaona unapoishia. Akapima kwa kamba ya mgomba, akaenda nayo kwa mhunzi, akamweleza anachotaka. Tata alipojua alikasirika kwamba mke wake amekwenda kuzungumzia mguu wake kwa watu. Wiki mbili hakuigusa baiskeli.

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha siku moja nilitoka kisimani, nikamkuta anaizunguka nyumba nayo. Hakunitazama. Nami nikajifanya sikuona, nikaingia jikoni."

Nikaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa jiko, nikapanda. Mama aliniambia nipandishe kiti mpaka mguu ulio chini ubaki umekunjika kidogo tu. Akachukua mkaa, akachora mstari ukutani usawa wa wayo wangu. Kisha akaniambia nitoe mguu kwenye pedeli na kuuinua polepole kando ya ukuta.

"Ukianza kusikia, sema. Usivumilie. Baba yako alikuwa anavumilia, ndiyo maana nilimpima amelala."

Nikainua. Mahali fulani msumari ukagusa. "Hapa," nikasema, na mama akachora mstari wa pili. Akachana kamba kwenye mgomba uliokauka, akaipima kutoka mkaa hadi mkaa, akaikata kwa kisu chake cha ndizi, akaikunja katikati, akanipa.

"Huo ndio mkono wako."

Nilisimama pale nimeishika kamba. Nilikuwa nimefundisha mduara na nusu kipenyo kwa miaka mingi, nikichora ubaoni kwa chaki, na mama yangu ambaye hakukaa darasani alikuwa ameiweka hesabu hiyo mkononi mwangu. Nilitaka kumwambia juu ya njia panda ya shule. Nikaanza, nikasema, "Mama, mimi nilikuwa namwonea aibu Tata kwa ile baiskeli."

"Alijua," mama akasema, amekaa tena kwenye ndizi zake. "Alisema, huyu akishafika darasa la saba itamtoka. Haikumuumiza unavyofikiri. Kilichomuumiza ni kukaa nyumbani."

Nilimsaidia kumenya.

Nyumbani niliipima kwa rula ile kamba iliyokunjwa. Sentimita kumi na tano na nusu. Nikampigia mkwe wangu, nikamwambia anitafutie ya milimita mia hamsini na tano. Akasema hiyo ni fupi kweli, nikasema najua.

Binti yangu aliileta alipokuja likizo, pamoja na kifaa maalumu cha kung'olea ile ya zamani. Fundi wangu alifanya kazi karibu asubuhi nzima, kwa uangalifu kama anayemtoa mtu jino, akihakikisha meno ya ndani ya mkono yamekaa sawa kwenye ekseli ya mota kabla ya kukaza. Alipomaliza aliushika mkono wa zamani kando ya ule mpya. Tofauti ilikuwa sentimita moja na nusu, upana wa kidole.

"Kwa ajili ya hiki tu?" akauliza.

Nilipandisha kiti kwa kiasi hicho hicho, nikaenda. Mwanzoni nilihisi kama nakanyaga baiskeli ya mtoto, miguu inazunguka upesi kuliko nilivyozoea, na kuanza kupanda kilima baiskeli ikiwa imesimama kabisa kulikuwa kugumu kama fundi alivyosema. Ilibidi nijifunze kushusha gia mapema. Lakini pedeli ilipofika juu, goti lilipita. Nilisubiri msumari, mzunguko wa kwanza, wa kumi, mpaka nikasahau kusubiri. Kule bondeni nilipita juu ya mawe bila kugonga hata moja.

Sitasema goti limepona. Siku za mvua bado linanikumbusha, na kuna kipande kimoja chenye mwinuko mkali ambapo nashuka na kuisukuma baiskeli, nikisalimiana na watu wanaopalilia. Lakini sasa nakwenda Isingiro kila Alhamisi badala ya mara moja kwa mwezi. Mama analalamika kwamba baiskeli haina sauti, namtokea ghafla chakula hakijaiva. Ananisogezea kigoda na kisu, tunamenya pamoja, na nikimuuliza juu ya Tata ananijibu. Wiki iliyopita aliniambia alivyokuwa akiimba akiwa peke yake kwenye mibuni. Mimi sikuwahi kumsikia akiimba.