Boshori ya Mchezaji wa Akiba

Mara ya kwanza nilipomwona mama yule akifuma boshori, kofia ya sufu ya kuvuta hadi masikioni, ilikuwa mwezi wa tisa, na Doha bado ilikuwa na lile joto linalokufanya ushike komeo la mlango kwa ncha ya leso. Tulikuwa kwenye mkahawa mdogo mtaani Najma. Mwenyewe alikuwa Mhindi wa Kerala aliyepika chai ya karaki, nzito, yenye iliki, ambayo sisi Wakenya tuliizoea upesi kwa sababu maziwa na majani huchemshwa pamoja kama nyumbani. Mama yule akatoa mfukoni uzi wa sufu, rangi ya damu ya mzee, akaanza kufuma.

Mezani palikuwa na kijana mmoja wa Nairobi, mlinzi katika jengo la ofisi kule West Bay. Akaweka kikombe chini.

"Mathe, hiyo ni nini?"

"Boshori."

"Boshori, Doha? Kwani umeskia ngamia wameanza kukohoa?"

"Si yako," mama akajibu bila kuinua macho. "Kunywa chai."

Ilikuwa ya mwanawe. Huyo alikuwa mtoto wake wa pekee, na miaka mitatu ilikuwa imepita bila wao kuonana. Mama alikuwa mlezi wa watoto katika familia moja kule The Pearl, na kijana alikuwa Marekani, amechukuliwa na chuo kimoja kwa ajili ya mpira wa kikapu. Lakini mwaka wake wa kwanza chuoni goti lilichanika hata kabla msimu haujaanza. Akapasuliwa, akakaa mwaka mzima akiwatazama wenzake. Sasa goti lilikuwa limepona, na kocha alimwambia atasafiri na timu mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, kwenda kwenye mashindano ya kufungua msimu katika mji mmoja wa kaskazini kabisa, mahali ambapo theluji hufika magotini kabla ya Krismasi. Angekuwa wa akiba. Hata hivyo angeweza kuingizwa.

Mama hakuwa amewahi kumwona akichezea chuo chake. Na sisi, watu kumi hivi tuliokutana kwenye mkahawa ule kila Ijumaa, tulijiapiza kwamba safari hii atamwona.

Ndivyo tulivyogeuka mashabiki wa timu ambayo wengi wetu hatukuweza kuuonyesha mji wake kwenye ramani. Nesi mmoja wa Kisumu, niliyepanga naye chumba, alitafuta rangi za chuo na kujinunulia leso zinazofanana nazo. Mganda mmoja, dereva, aliweka nembo ya timu kwenye simu yake mahali ilipokuwa picha ya mkewe, na mkewe akamuuliza kulikoni. Mimi nilipewa kazi ya kufundisha. Nilikuwa nimefundisha hisabati na michezo shule ya sekondari kabla ya kuja kufanya kazi mapokezi ya hoteli, na kwa hiyo wote waliniita Mwalimu.

Nilifundisha kwa moyo. Nilikata kitako cha kikombe cha karatasi, nikapata pete ya kikapu. Vipakiti vya sukari vilikuwa wachezaji, vitano huku, vitano kule. Niliwaambia kuwa vyuo hucheza nusu mbili za dakika ishirini, na kwamba hakuna sare.

"Mpira hauna sare?" mlinzi alinikatiza. Yeye alikuwa mtu wa soka hadi kwenye mifupa. "Sasa mtu akibanwa atajificha wapi?"

Nikaeleza kuwa vyuo ni vinane, kila kimoja kitacheza mara tatu, na anayeshindwa hatolewi, anaendelea na aliyeshindwa mwenzake.

"Ati ukichapwa hurudi home? Ticha, hiyo si mashindano. Hiyo ni likizo."

"Ni mwanzo wa msimu," nikamwambia. "Makocha wanataka kuona watu wao. Ndiyo maana hata wa akiba anaingia."

Hapo nikamwona mama ameacha kufuma, anasikiliza.

Saa niliieleza mara tatu, kwa sababu wengi wetu tulikuwa na ndugu upande wa mashariki wa Marekani na tulizoea hesabu zao. Huu mji wa baridi ulikuwa mbali zaidi, saa kumi na mbili kamili nyuma yetu. Saa yao na yetu zilionyesha namba ileile, isipokuwa wao walikuwa jana. Wakianza saa moja jioni ya Alhamisi, kwetu itakuwa saa moja asubuhi ya Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko Doha, na ndiyo siku yetu ya kanisa vilevile, lakini ibada ilikuwa saa nne. Mwenye mkahawa alikubali kutuunganishia kompyuta yangu na runinga yake. Mipango ilikaa sawa kama sahani kabatini.

Kisha, wiki mbili kabla ya siku yenyewe, mama akaniuliza swali. Boshori ilikuwa imeshatumwa kwa posta na alikuwa ameanza soksi.

"Mwalimu, refa anaweza kumkubalia mchezaji aingie na boshori?"

"Hapana, Mama," nikasema, nikifurahi kwamba mwanafunzi wangu mkimya ameuliza. "Sare ni fulana isiyo na mikono na kaptura. Kichwani hakuna kofia."

"Hata kukiwa na baridi?"

"Hata kukiwa na baridi. Sheria ni moja kila mahali."

Akatikisa kichwa polepole. Akazungushia uzi kwenye sindano, akatia vyote mfukoni.

"Ijumaa hiyo mimi nitatangulia kanisani," akasema. "Kuna maombi ya akina mama."

Hakuna aliyemwelewa. Mama aliyetufanya tujifunze mchezo mzima sasa anakataa kuutazama? Alipoondoka, mlinzi akasema mama anaogopa kuona mtoto wake amewekwa benchi kama mzigo. Nikaona ni kweli. Basi Ijumaa iliyofuata nikamweleza mama habari za benchi. Nilieleza vizuri, kwa subira, jinsi nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu sehemu na desimali. Nilimwambia benchi si aibu. Nilimwambia wa akiba hukaa pale muda mrefu, pengine mchezo wote, akiwa ametulia, akingoja kuitwa, na kwamba kutulia kule ndiyo nidhamu.

"Mchezo wote?" akauliza.

"Pengine mchezo wote."

"Ametulia tu."

"Ametulia tu, Mama."

Akaniaga mapema kuliko siku zote.

Alhamisi, siku moja kabla ya mchezo, nilikuwa zamu ya mchana pale hotelini West Bay. Familia aliyofanyia kazi mama ilikuwa imekuja kula na wageni wao. Jioni, kabla jua halijazama, nikamwona mama akitembea polepole kwenye lobi, amemshika mkono msichana mdogo wa nyumba ile. Akaja hadi kaunta.

"Mwalimu, mbona umevaa sweta?"

"AC, Mama. Humu ndani ni Kinangop."

Nilitaja Kinangop kwa mzaha kwa kuwa yeye ni mtu wa huko, na baridi yake kila Mkenya anaijua. Hakucheka. Aliweka kiganja juu ya kaunta ya mawe, akakiondoa haraka kama aliyeguswa na barafu.

"Mwanangu alikuwa na miaka minne," akasema. "Mwezi wa saba. Nimonia. Wiki mbili nililala nimeketi, nimemlaza kifuani, jiko karibu, kifua chake kinapiga filimbi. Tangu hapo kila mwezi wa saba sikumwacha atoke bila boshori, hata alipokuwa mkubwa na wenzake wakimcheka. Sasa wewe unaniambia watamvisha fulana isiyo na mikono. Halafu wamkalishe kwenye theluji, ametulia tu. Yule anayekimbia angalau anapata joto, Mwalimu. Wa akiba je?"

Niliweka kalamu chini.

Usimcheke. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona kosa lilikuwa langu. Viwanja vyote vya kikapu alivyowahi kuviona, na vyote nilivyochezea mimi mwenyewe shuleni, vilikuwa saruji iliyopasuka, milingoti miwili na mbingu. Mvua ikinyesha, mwalimu wa michezo alipuliza filimbi tukakimbilia darasani. Ningewezaje kufundisha miezi miwili, pete, sukari, dakika, makosa ya mkono na makosa ya mguu, nisitaje paa? Kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Au niseme kweli: aliniuliza, nami nikajibu maneno aliyoyatamka, nikaliacha lile lililokuwa likimsumbua.

Mgeni mmoja alikuwa anakuja kaunta na sanduku lake. Nilikuwa na dakika chache.

"Mama, hapa Doha joto liko wapi?"

"Nje."

"Na baridi?"

"Humu ndani. Si umevaa sweta."

"Kule wamegeuza. Baridi wameiacha nje, joto wameliweka ndani. Na mpira unachezwa ndani. Ni jumba, Mama, lina paa, lina kuta, lina milango kama hii. Watu wanaingia na makoti, wanayavua."

Kisha akageuka, akiwa bado amemshika mtoto, akaenda hadi kwenye milango ya kioo inayojifungua yenyewe. Akatoka. Akasimama nje kwa kitambo, nikaona ushungi wake ukipeperushwa na upepo wa ufuoni. Akaingia. Akatoka tena. Mtoto alidhani ni mchezo, akaanza kuruka. Bawabu akasogea kuwapisha.

Akarudi kaunta. Mgeni wa sanduku akampisha, sijui kwa nini, pengine kwa uso aliokuwa nao.

"Na benchi?" akauliza.

"Benchi liko ndani, Mama."

"Ni saa ngapi, kesho?"

"Saa moja asubuhi."

"Maombi yanaweza kuningoja," akasema, akaenda zake na mtoto.

Najma asubuhi ya Ijumaa ni mtaa uliolala. Maduka yamefungwa, barabara ni tupu, na unasikia njiwa ambao siku nyingine hujui kuwa wapo. Tulijaa kwenye mkahawa. Mlinzi alitoka zamu moja kwa moja, bado na koti la kazi na tai, macho mekundu. Nesi aligawa leso. Mama akapewa kiti cha mbele, na mwenye mkahawa akamletea karaki kabla hajaagiza.

Picha ilipofunguka, kila mtu alitafuta mpira. Mama alitazama juu. Kamera ilikuwa mbali, ikionyesha jumba zima, na nikaona macho yake yakifuata vyuma vya paa toka ukuta huu hadi ule, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Aliporidhika ndipo akashusha macho kwenye benchi.

"Yule," akasema. "Wa tano."

Wote tukainuka.

"Lakini ana sweta! Mwalimu, si ulisema hairuhusiwi?" mama akaniuliza.

Kweli, wachezaji wa akiba walikuwa na fulana nzito za mikono mirefu juu ya sare. Na hilo nililisahau.

"Kwenye benchi inaruhusiwa," nikasema kwa sauti ndogo.

"Ticha apewe sifuri," mlinzi akatangaza, na mkahawa mzima ukapiga meza.

Nusu ya kwanza ikapita, yeye ameketi. Timu yetu ilikuwa nyuma kwa pointi tisa, na picha ilikwama mara mbili, ikaturudishia watu waliokwisha kuhama mahali. Nusu ya pili ilipokaribia katikati, kocha akainama, akamgusa yule wa tano begani. Kijana akavua ile fulana nzito kwa mkono mmoja. Mama akashika mkono wangu.

Alicheza dakika tatu na kidogo. Mrusho wake wa kwanza uligonga pete ukatoka. Akarudi mbio kukaba, na lile goti likakunjika na kukunjuka kama goti la mtu yeyote. Mara ya pili aliruka katikati ya warefu wawili, akaudaka mpira, akampa mwenzake, na mwenzake akafunga. Kelele tulizopiga zilimwamsha mtu ghorofa ya juu, akafungua dirisha atutukane kwa lugha ambayo hatukuijua. Kisha kengele ikalia, akatolewa. Kamera ikamkaribia alipokuwa akiketi, uso wake ukajaa runinga.

Mama akasogeza kiti hadi magoti yake yakagusa ukuta. Akanyanyua mkono, akagusa kioo pale palipokuwa na paji la uso.

"Anatoka jasho," akasema.

Akatugeukia mmoja mmoja, kana kwamba huenda hatukusikia. "Mnaona? Anatoka jasho mtoto wangu."

Tulifungwa kwa pointi sita. Mlinzi akauliza kama sasa tunalia au vipi, nami nikamkumbusha kuwa anayeshindwa hatolewi. Kesho watacheza tena, na keshokutwa tena. "Likizo imeendelea," akasema. Kisha akavuta kiti karibu na mama, akashusha sauti, ingawa tulimsikia wote.

"Mathe, hebu nifumie na mimi boshori. Pale lobi wameniweka chini ya AC. Zamu nzima naskia masikio yanataka kuanguka."

"Ngamia wameanza kukohoa?"

"Mathe, wacha hizo."

Mama akafungua mfuko wake. Soksi ilikuwa imebaki kisigino tu. Akavuta kipande cha uzi, akamzungushia kijana kichwani juu ya masikio, akaubana kwa ukucha mahali ulipokutana.

"Kichwa kikubwa hiki," akasema. "Kitakula uzi."

"Ni akili, Mathe."

"Tutaona. Inama."