Fundi Saa Aliyesamehewa Zoezi

Mtaa mzima walimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wakicheza. Alitengeneza saa upenuni mwa nyumba yao, lenzi jichoni, ulimi nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Miguu yake haikufanya kazi tangu utotoni, na kwa kukaa na kula vizuri mwili ulikuwa umejaa. Mkewe, mshona sare za shule, hakuacha kumtania.

"Nilikuchukua mwembamba. Sasa nalala ukingoni mwa kitanda."

"Basi punguza kupika vizuri," Fundi alimjibu.

Kitu kimoja alikichukia: kubebwa. Alikuwa na kiti chake cha magurudumu, na kila alipokutana na ngazi aligeuza akarudi alikotoka, akidai huko juu hakukuwa na la maana.

Ndiyo maana kamati ya maafa ya mtaa ilipoandaa zoezi la kukimbia mafuriko, mambo yalikwenda kama yalivyokwenda. Mtaa wao uko bondeni, shule ya kukimbilia iko kilimani, na katikati pana vidaraja viwili na ngazi za udongo. Mwenyekiti alikuja na karatasi ya majina na watu wanne wa machela. Akamtazama Fundi, Fundi akamtazama, wote wawili wakaona haya. Mtu mzima abebwe mchana kweupe, watoto wakicheka? Mwenyekiti akapata njia ya kutokea: Fundi awe mshika saa. Wakamketisha kivulini na soda yake, akapima muda wa wenzake. Dakika kumi na mbili. Wakampigia makofi. Walimvisha kilemba cha ukoka, naye akakivaa bila kuuliza.

Aliyeuliza ni mkewe, jioni ile. "Na wewe wangekutoaje?"

"Siku ya siku watajua."

Machela ikarudi stoo bila kubeba mtu. Kwenye karatasi, kila aliyefika shuleni aliwekewa alama ya vema kwa penseli, ipate kufutwa kabla ya zoezi lijalo. Ya Fundi mwenyekiti aliiweka kwa wino. "Huyu tumemsamehe mazoezi yote," alisema, na hakuna aliyeona ubaya. Watu wema wana balaa lao.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Ya nne, asubuhi, gari la tangazo likapita likipaza sauti kwamba mto umevunja kingo. Mshona sare alikuwa kiwandani, juu ya kilima, suruali ya mwanafunzi ikiwa chini ya sindano. Aliiacha hapo hapo, mguu niponye. Njia ya kwenda kwake ilipita mlangoni mwa shule, na mlangoni alikaa karani wa kamati na karatasi yake.

"Mume wangu. Fundi. Watu wa machela wameshamfuata?"

Karani akashusha kidole kwenye majina. "Ameshafika, mama. Ana vema."

Moyo wake ukatua. Alitaka kumbusu karani yule. Akaingia kumtafuta mumewe, darasa la kwanza, la pili, la tatu, akipita juu ya vikapu na watoto waliolowa. Kila aliyeulizwa kuhusu kiti cha magurudumu alitikisa kichwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyewatafutia majibu: labda wamemweka ofisini kwa mwalimu mkuu, maana anajua kujipendekeza. Labda wamempitisha nyuma. Alizunguka shule ile karibu nusu saa, kwa sababu alitaka sana iwe kweli.

Aliporudi mlangoni alimpokonya karani karatasi. Alama zote zilikuwa za penseli, mbichi. Moja tu ilikuwa ya wino, tena imepauka.

"Hii ni ya zoezi," alisema.

Karani akainama kuutazama wino ule.

"Machela iko wapi?"

"Imekwenda ng'ambo, kuna mama mjamzito. Mtaa wenu tulishaufunga, mama. Kila jina lilikuwa na vema."

Jirani yao, muuza mkaa, alikuwa amesimama hapo na blanketi begani. Alivua viatu. "Twende, shemeji."

Kidaraja cha kwanza kilikuwa kimefunikwa, cha pili kilitikisika wakipita. Ndani ya nyumba maji yaliwafika kiunoni. Fundi alikuwa amejivuta kwa mikono hadi juu ya meza ya kulia, kitambaa cha vifaa vyake kimefungwa shingoni, na maji yalikuwa yakilamba ukingo wa meza.

"Umechelewa leo," alisema. Midomo ilikuwa ikimtetemeka.

Muuza mkaa akasogea, akasimama, mikono hewani. "Nikushike wapi, Fundi?"

Fundi alifikiri. Uso wake ukabadilika. "Sijui," alisema. "Jaribu mgongoni."

Wakajaribu. Mlangoni mkondo uliikamata ile miguu isiyoweza kukaza, ukaivuta pembeni, na wanaume wawili wakazama pamoja. Mkewe alimpata kwa ukosi wa shati. Walimrudisha mezani wakiwa wamekunywa matope, muuza mkaa akihema.

"Huyu anataka watu wanne, shemeji."

"Kawaite."

"Tukitoka haturudi. Kile kidaraja kinaondoka."

"Basi mimi siendi popote." Akapanda mezani, akamshika mumewe shati kwa mikono miwili. Meza ikalia, ikainama upande mmoja.

"Haitubebi wawili," Fundi alisema.

"Tuanguke wote."

"Shuka, mke wangu."

"Sishuki."

Fundi hakubishana tena. Alitazama juu ya bega la mkewe, akamwambia muuza mkaa polepole, kama anayeagiza kitu dukani: "Mbebe huyu."

Mwanamke alipiga mateke. Aliuma. Alimtukana jirani yake matusi ambayo hakujua kwamba anayajua. Alishikilia lile shati kwa nguvu zake zote, na Fundi, aliyezoea kushika vitu vidogo, akaanza kumbandua vidole kimoja kimoja, bila haraka, bila kumwumiza. Alipobandua cha mwisho alikibusu.

Muuza mkaa akamtupa mwanamke begani kama gunia, akakaza mkono kwenye mapaja yake, akatoka. Alivuka kidaraja cha pili, akavuka cha kwanza, akapanda ngazi zote za udongo zilizokuwa zikiteleza. Ilikuwa kazi aliyoifanya maisha yake yote. Hadi shuleni, na mwanamke akipiga kelele mgongoni mwake kwamba yeye anaweza kutembea, hakumwangusha hata mara moja.