Mbuzi ya Nazi Kwenye Gari la Mashindano

Nilipaswa kumwambia rafiki yangu hapana. Badala yake nilisema, "Haya, shika huku nikate."

Ilikuwa Muheza, miaka ya hamsini, majira ya machungwa, mji mzima unanuka maganda. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikilelewa na bibi mzaa mama, kwa kuwa mama alifariki kabla sijajua kutambaa. Mwenzangu wa kila siku alikuwa mtoto wa jirani yetu, fundi baiskeli. Siku moja muuza karanga alitufungia karanga kwa ukurasa wenye picha ya gari la mashindano, limelala chini kama kenge. Tukaamua kuunda la kwetu.

La kwanza tulilitengeneza kwa mlingoti wa mkonge, ule mti mwepesi unaochomoza mkonge ukizeeka. Magurudumu yalikuwa beringi zilizotupwa kiwandani, na usukani kamba ya katani. Kwenye mteremko wa stesheni, ambako watoto walishindana kila Jumamosi, lilitangulia magari yote mpaka konani. Hapo ekseli ya mbele ikakatika, tukaingia mtaroni. La pili tulifunga milingoti miwili pamoja kwa waya. Hilo lilifika, ila la mwisho, na watoto wa stesheni wakatushauri tulitafune, maana ni bua tu.

Tulihitaji mti mgumu, na nyumbani kwetu ulikuwepo mmoja: mbuzi ya nazi ya bibi, ya mninga, aliyochongewa na babu walipooana.

Kila jioni bibi aliikalia akikuna nazi, nami nikikaa kando yake, nikinywa maji ya nazi na kudokoa machicha. Mikono yake ikishika kazi, ulimi ulifunguka, akanisimulia habari za mama. Wakati mwingine wowote hakumtaja. Alhamisi ile alikuwa amefika pale mama alipopanda gari-moshi mara ya kwanza kwenda Tanga, akacheka mpaka abiria wote wakageuka.

"Alikuwa akichekaje, bibi?"

Kifuu kilikuwa kimekwisha. "Kesho," alisema.

Kesho yake bibi alikwenda mazikoni Maramba, alale huko. Rafiki yangu akaja na msumeno wa baba yake. Aliponiona nasita, alisema, "Bibi yako ataazima mbuzi kwa mama yangu. Sisi kesho tutaazima ekseli kwa nani?"

Tukakata. Ubao mmoja ukawa ekseli, mwingine kiti. Kile chuma chenye meno nilikirudisha jikoni, nikakiweka juu ya kinu kama kwamba hakuna kilichotokea.

Jumamosi tulishinda, tena kwa mbali. Nilirudi na kikapu cha machungwa ya ushindi, naimba. Bibi alikuwa jikoni, kile chuma kiko mapajani mwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba taratibu.

"Mmeniachia meno, mmechukua mgongo," alisema. Akakiweka kile chuma kando. "Mlishinda lakini?"

Nikasema tulishinda. Akachukua chungwa, akalimenya, akanipa nusu.

Hakunipiga. Mjomba alimletea mbuzi mpya, bibi akaigawa. Tangu siku ile alikuna nazi kwa jirani, uani kwa wanawake, ambako mvulana wa umri wangu hakai. Nilisikia sauti yake ng'ambo ya ua wa makuti, nisishike neno. Ningeweza kumuuliza asubuhi yoyote. Niliona haya, nikajiambia nitauliza nikikua. Alifariki nikiwa shule ya bweni, mwaka wangu wa pili wa sekondari.

Gari lilishinda mara mbili zaidi. Kisha beringi zikalika, na mama yake rafiki yangu akalitia jikoni kama kuni. Leo mteremko ule una lami, hakuna mtoto anayethubutu kuteremka nao, na mjukuu wangu huniletea tui la pakiti. Hayo yote nimeyazoea.

Ila nimevuka miaka themanini, na sijui mama yangu alikuwa akicheka vipi. Aliyekuwa akijua alitaka kuniambia, nami nikakata kile alichokalia.