Fundi wa Bunduki Aliyeandika Alichokigusa

Habari nilipewa na muuza samaki sokoni Chake Chake: yule fundi wa bunduki wa Wawi kafariki, na kazikwa jana. Niliondoka pale nikawasahau samaki mezani. Marehemu alikuwa Mkristo wa bara, aliyeletwa kisiwani na serikali zamani kutengeneza bunduki za kufukuzia wanyama waharibifu mashambani, akastaafu, akabaki. Wenye silaha za halali hapa kwetu ni wachache, na karibu sote tulipita mikononi mwake. Mimi miaka minne sikukanyaga kwake. Nyinyi mnaonisoma gazetini mnanijua kwa maneno mengi, lakini hili sikuwahi kulisema.

Nilikuwa nimenunua bunduki mpya ya marisau, kwa kibali cha polisi, kwa ajili ya tumbili waliokuwa wakinimalizia mihogo. Ilitoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam na waranti ya kiwanda ya miaka miwili. Kitako, ule mti unaoegemezwa begani, kilitengenezwa kwa mtu wa mikono mirefu, nami yangu ni mifupi. Triga nayo ilikuwa ngumu. Nikampelekea fundi. Akavaa miwani, akafungua kijitabu cha waranti ambacho mimi sikuwa nimekigusa, akanifasiria neno kwa neno: mtu asiyetambuliwa na kiwanda akikata au akibadilisha chochote, kiwanda kinajitoa. "Leseni yangu ni ya serikali, kiwanda hakinijui," akasema. "Kitako pengine mtabishana nao. Nikigusa triga, hawatakusikiliza hata kikivunjika kitu kingine." Nikamjibu, "Fundi, n'katie bwana. Tumbili hawasomi karatasi." Akacheka, akakata kitako, triga akailainisha kidogo, na nilipomwomba azidishe akakataa katakata.

Haukupita mwaka, kidude cha kusukuma maganda ya risasi nje kikavunjika. Nikairudisha bunduki kwa muuzaji. Fomu iliuliza kama imefanyiwa mabadiliko yoyote, nami nikaandika hapana, maana kazi ya fundi ilikuwa safi hata nikadhani hakuna jicho litakaloiona. Kumbe muuzaji alifungua kipande cha mpira nyuma ya kitako, akakuta kikaratasi kimekunjwa, kimeandikwa kwa penseli: kitako kimepunguzwa nusu inchi, triga imelainishwa, na jina la fundi chini. Bunduki ikarudi vile vile mbovu, pamoja na barua ya kunitia haya.

Nilimwendea nikiwaka, bunduki mkononi. "Kwani weye fundi, wan'chongea kwa watu?" Hakupandisha sauti. "Sikumwandikia muuzaji, mwandishi. Kila bunduki ninayoigusa naiwekea. Kesho nikifa, fundi atakayeifungua ajue anachokiona si cha kiwandani. Asipojua, anaweza kuua mtu." Kisha akanyoosha mkono. "Ilete, nikutengenezee." Nikaondoka na bunduki yangu, na tangu siku ile nikamsusa. Tukikutana njiani nampa salamu ya juujuu. Yeye anaitikia kwa ukamilifu na kuniulizia watoto.

Hapa kwetu hakuna kitu kinachobaki kama kilivyotoka kiwandani. Pikipiki haimalizi mwezi kabla ya kurefushwa kiti, simu inafunguliwa na kutiwa vitu vya simu nyingine, cherehani inafungwa mota isiyokuwa yake. Sioni aibu katika hilo, kwa kuwa vitu hivyo vimetengenezwa na watu wasiotujua, na lazima tuvifanye vitufae. Lakini ni nani anayeandika alichokibadilisha? Fundi anafunika, mwenye mali anaficha, na anayeuziwa baadaye ndiye anayeumia. Na mimi, niliyesomewa kila neno kabla ya msumeno kugusa mti, niliipoteza waranti kwa macho yangu mawili, kisha nikamkasirikia aliyenionya. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Nimemkumbuka mtu yule mpaka inaniuma. Natamani nimsikie akinisomea tena kijitabu kile chote, hata mara kumi, nami nikae kimya.

Juzi nilikwenda Wawi kumpa mkono mjane. "Pole, mama," nikamwambia. "Nimechelewa." Akanipa kiti. "Alikuwa akikutaja sana, baba. Gazeti likija anaanza na safu yako, halafu anasema, huyu bwana najua hajaitengeneza ile bunduki. Kile kidude alikwisha kukichonga zamani, kimo kwenye kopo pale kazini kwake. Nilimwambia akupelekee. Akasema, atakuja mwenyewe, hasira zikimwisha." Akanyanyuka aende kukichukua.

Msomaji wangu, kama yupo aliyekwambia kweli nawe ukamnunia, nenda kwake leo, umkute mwenyewe. Mimi nilikwenda, nikamkuta mkewe.