Chumvi ya Mama Abdi

Tangu mavuno mpaka mvua, Awadhi wa Mashewa alikula mboga ya mchunga iliyotiwa chumvi mara mbili, na kila siku alisema tamu. Mkewe Rukaya, Mama Abdi, alikuwa mpishi wa kusifiwa. Sasa alitia chumvi, akageuka kuchochea moto, akatia tena. Majirani walishaanza kunong'ona kwamba karogwa. Lo, watu hawana kazi!

Awadhi alikuwa na redio mpya ya betri, maana miaka hiyo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Korogwe yalijaa kila kitu. Humo akamsikia mtaalamu akisema kusahau kwa namna ile si kurogwa, wala si uzee tu. Huenda ni ugonjwa wa ubongo, na heri mtu awahi kupimwa. Akamwambia mkewe waende.

"Mimi nina wazimu?" Rukaya akang'aka, akamnunia siku nzima.

Basi mzee akabadili mbinu. Akaanza kusahau yeye. Akavaa shati ndani nje. Akazunguka uani kutafuta kofia, nayo iko kichwani.

"Makubwa!" Rukaya akashika kiuno. "Baba Abdi, wewe ndiye wa kupelekwa." Akamkokota mwenyewe hadi kituo cha afya, siku daktari alipokuja kupima wazee.

Daktari, binti mpole aitwaye Justa, akawaamkia, kisha akamwomba Awadhi ashike maneno matatu: jembe, ndizi, kanga. Wakazungumza mengine kidogo, halafu akamuuliza. Awadhi akayataja yote.

"Mpime na mwenzangu, mwanangu, asije akanicheka bure."

Rukaya akakumbuka ndizi tu. Akaitazama mikono yake, na Awadhi akatamani angekuwa yeye aliyesahau kweli.

"Bibi, inaelekea ugonjwa ndio unaanza," Justa akasema. "Dawa ya kuuondoa hakuna, lakini mmewahi. Nitakuwa nakuangalia. Jikoni usiache kuingia, na usione haya kuuliza."

Wakarudi nyumbani. Jioni Rukaya akabandika chungu, Awadhi akavuta kigoda akaketi karibu.

"Kofia ulijua iko kichwani."

"Nilijua."

"Mzee mwongo wewe!" Akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akachota chumvi, mkono ukasita juu ya chungu. "Baba Abdi, nimeshatia?"

"Umeshatia, mke wangu."

Akairudisha koponi. Mboga ya siku ile ilikuwa tamu kweli, na Awadhi akaomba aongezewe.