Nilivyokwenda Kuposa Buganguzi na Kahawa Masikioni

Kuna watu wa kwetu ambao mpaka leo wakikutana nami hunisogezea kikopo cha kahawa ya kutafuna na kuniuliza kama nataka ya mdomoni au ya masikioni, nami huchukua, hutafuna, maana sina la kujitetea: ni kweli nilikwenda kuposa nikiwa na punje mbili za kahawa, moja kila sikio, na zikatolewa mbele ya ukoo mzima wa mchumba na mtu ambaye kwa desturi zetu hata uso wake sikutakiwa kuutazama. Nawasimulia mwenyewe kwa sababu mnayoyasikia kwa wengine yametiwa chumvi, ingawa nakiri hayakuhitaji chumvi nyingi.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja la kahawa pale Bukoba mjini, na anayejua ghala la kahawa kavu anajua vumbi lake, lile laini la maganda, linaloingia puani na kwenye kola na kwenye chai, na kwangu liliingia zaidi masikioni, kwa kuwa tangu utotoni masikio yangu yanatengeneza nta kuliko mahitaji (mama alikuwa akisema ningezaliwa nyuki ningemfaa zaidi). Msimu ulipochanganya, vumbi na nta vikapatana, kwanza sikio la kushoto, kisha la kulia, mpaka nikawa nawaona wapagazi wanaimba na sisikii wimbo.

Hospitali sikwenda. Nilikuwa katika mipango ya kumposa Kemilembe, mwalimu wa shule ya wasichana pale karibu na mjini, ambaye kwao ni Buganguzi, huko Muleba, na kwetu kabla ya kumtoa binti watu huuchunguza ukoo wa mwanamume: kuna kifafa, kuna ukoma, kuna uziwi? Nikionekana kwenye foleni ya wagonjwa wa masikio Jumatatu, Buganguzi wangejua Jumatano. Kwa hiyo nikawa natazama midomo ya watu, natabasamu, naitikia kwa kichwa, na nawaambieni ukweli, mtu anaweza kuishi msimu mzima kwa kuitikia kwa kichwa, tena akasifiwa upole.

Aliyenigundua ni Mzee Salumu, mwenye nyumba niliyopanga, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alikuja kutoka pwani. Siku moja kabla ya kwenda kuposa, Ijumaa jioni, alinishika bega, akauweka mdomo wake sikioni kwangu na kupaza sauti mpaka majirani wakatoka nje.

"Kijana, masikio yako yameziba. Nenda hospitali wakuoshe kwa bomba, ndiyo dawa. Ukikataa, basi tia samli vuguvugu, uzibe kwa pamba, asubuhi nta itakuwa imelainika."

Nikachagua samli, kwa kuwa samli haina foleni. Nikaipasha, nikalala ubavu, nikamimina sikio la kushoto, na pale pale, kabla sijageuka kumimina la kulia, nikakumbuka kwamba pamba sina. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara na lilikuwa bado wazi. Nilikuwa nimeshavaa shuka, nikaona uvivu, nikapapasa mezani, mkono ukakuta kikopo cha kahawa ya kutafuna aliyonichemshia mama na kuianika (akamwani, tunavyoiita sisi, ile ambayo mgeni hakosi kupewa). Punje moja nikaijaribu mlangoni mwa sikio, ikakaa kama imepimwa. Nikageuka, nikamimina la pili, nikaziba na lile. Nikajisifu hata, kwamba mtu mwenye akili hahangaiki na pamba katika nchi ya kahawa.

Asubuhi nikaoga kwa ajili ya wakwe, yaani nikaoga kwelikweli, kichwa na sabuni na maji mengi, na hapo nilikosea mara ya pili, kwa sababu punje kavu ikipata maji inavimba. Nilipotaka kuzitoa, kidole kiliteleza kwa samli na punje ikajisukuma ndani. Nikaleta njiti ya kiberiti, ikavunjika. Kabla ya hapo nilikuwa nasikia kidogo, sasa sikusikia kitu kabisa, hata lori lililokuja kutuchukua sikulisikia, mpaka mshenga wangu, baba mdogo Ishengoma, akaingia chumbani na kunivuta mkono. Hapo ningeweza kumwambia. Lakini baba mdogo alikuwa mtu mkali, aliyeacha shughuli zake kwa ajili yangu, nikaona aibu, nikapanda lori.

Njia nzima baba mdogo alizungumza. Sisi tulikuwa juu ya magunia matupu, upepo unatupiga, naye alizungumza kwa kuhesabu vidole, akinipiga paja, kisha akinikazia macho kungoja jibu, nami nikawa naitikia kwa kichwa kila alipoonekana kuhitaji jibu. Alifurahi mno. Sikuwahi kumwona amefurahi hivyo na mimi, hata siku niliyobarikiwa kanisani.

Tukashuka, tukatembea katikati ya migomba hadi Buganguzi, tukapokewa vizuri. Nyumba imetandikwa nyasi mbichi, wazee wa ukoo wamekaa upande mmoja, sisi upande mwingine, wanawake nyuma ya ukuta wa matete pamoja na Kemilembe, isipokuwa shangazi yake ambaye kazi yake ilikuwa kuingia na kutoka kupeleka maneno. Salamu zetu zina mpangilio, nikazijibu kwa kufuata mpangilio. Baba mkwe, Mzee Byabato, alikuwa mtu wa uamsho, wale waliookoka, rubisi yetu ya ndizi haigusi, kwa hiyo badala ya kibuyu yakatangulia maombi. Nikainamisha kichwa, nikafumba macho. Tatizo la maombi kwa asiyesikia ni kwamba "amina" haionekani. Niliendelea kuinama nikisubiri mtu anisukume, na hakuna aliyenisukuma, kwa sababu (hili nilisimuliwa baadaye) watu wa uamsho waliniona nimezama katika sala na wakaogopa kunikatiza. Mzee mmoja alitokwa na machozi. Nilipofumbua macho na kukuta vikombe vya chai vimeshapoa mbele ya kila mtu, Mzee Byabato alikuwa ananitazama kwa upendo.

Ingekuwa heri ningeondoka wakati huo huo.

Wakanipa chai nyingine, ya moto. Nyumba imejaa watu, jua limepanda, chai imenipasha mwili, na mtu akinywa na kutafuna taya zinacheza, sijui kama mmewahi kulifikiria hilo, na taya zikicheza masikio nayo yanacheza. Nikahisi kitu cha uvuguvugu kinatambaa shingoni. Nikadhani jasho. Ilikuwa ile samli, imepata njia pembeni mwa punje, na ilikuwa inashuka pande zote mbili ikiwa imechanganyika na nta na rangi ya kahawa, hadi kwenye kola yangu nyeupe.

Shangazi ndiye aliyeona kwanza. Akamwinamia Mzee Byabato akasema, kwa hayo niliyosimuliwa, "Waitu," ndivyo tunavyomwita mtu kwa heshima, "mkwe wetu anatoka usaha masikioni, pande zote mbili." Mimi nilichoona ni nyuso zinabadilika moja baada ya nyingine, na baba mdogo anageuka kunitazama, midomo inatembea haraka. Nikaitikia kwa kichwa.

Kumbe alikuwa ameniuliza kama nimekuwa mgonjwa siku zote nikamficha.

Akanikamata kichwa, akapiga kelele kwenye tundu la sikio, "Ni nini hiki?" na hiyo nikaipata kwa mbali, nikajibu, nami kwa kuwa nilikuwa siisikii sauti yangu nilijibu kama ninayeita mtu ng'ambo ya bonde:

"Ni samli tu, baba. Na kahawa."

Watoto waliokuwa uani walikimbia kuja kuchungulia. Sikucheka na sikulia, nilitazama nyasi. Nilichofikiria ni kwamba nimempoteza Kemilembe, na kwamba nampenda kuliko nilivyokuwa nimejua asubuhi ile nilipokuwa nahangaika na njiti. Mzee Byabato aliweka kikombe chini, akasema (hayo na yaliyofuata nayo nilisimuliwa) wao hawana ugomvi na sisi, lakini hawatoi mtoto kwenye ukoo wa masikio ya usaha, na kama ni samli basi ionekane kuwa ni samli.

Nani wa kuthibitisha? Katika kijiji kile aliyejua kuosha masikio alikuwa mmoja, msaidizi wa wakunga kwenye zahanati ya misheni, naye alikuwa mama yake Kemilembe.

Mnajua wenyewe mambo ya mkwe na mama mkwe. Hamtazamani usoni, hampeani mkono, mkikutana njiani mmoja anaingia migombani. Wazee wakabishana, watu wa uamsho wakisema hayo ni mambo ya kale, kisha hao hao wakisema lakini hata hivyo haifai. Mwishowe mama mwenyewe akatuma neno kutoka nyuma ya matete, kwamba sikio si uso, na wasimpotezee muda kwa kuwa maji yanapoa. Wakanitoa uani, wakanikalisha kwenye kigoda. Wanawake wawili wakasimama wakashika kanga iliyotandazwa kati yangu na yeye, shangazi akaikunja kidogo, akanivuta sikio likatokeza upande wa pili. Sikio tu. Kichwa kilichobaki kilikuwa upande wa wanaume, pamoja na aibu yake yote.

Alikuwa na kibomba cha mpira, kile cha kunyonyea makamasi ya watoto wachanga. Akapiga maji ya uvuguvugu, akapiga tena, mara kitu kikakwaruza, kikateleza, kikatoka, na nyuma yake kikatoka kipande cha nta ambacho sitakieleza. Punje ikaanguka ndani ya bakuli.

Hapo dunia ikanirudia kwa kishindo. Nikasikia kuku. Nikasikia mgomba unavyopasuliwa na upepo, nikasikia mtu anamaliza kucheka na mwingine anaanza, na nikasikia, karibu kabisa, sauti ya mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza maishani, akizungumza na shangazi kana kwamba mimi nipo Uganda.

"Mwambie mgeni kwamba huo si usaha. Mwambie pia kahawa hupandwa kibanjani. Mgeuzeni."

Wakanigeuza, kanga ikahamia upande wa pili, akaosha na la kulia. Bakuli likazungushwa kwa wazee, kila mmoja akachungulia, na Mzee Byabato akaichukua punje moja kwa vidole viwili, akaigeuza juani.

"Ni kahawa," akasema. "Imevimba vizuri." Hakucheka, aliirudisha bakulini. "Ukoo hauna ugonjwa. Sasa yamebaki ya binti. Shangazi, mwulize kama bado anawatambua wageni hawa."

Tukarudi ndani. Kwa kawaida mposaji halisikii jibu mpaka shangazi alilete, ila mimi siku hiyo nilikuwa na masikio mapya, na ukuta wa matete si kitu. Nilisikia kila neno.

"Nawatambua," alisema Kemilembe. "Lakini shangazi, nilimwuliza njiani tulipotoka kanisani kama nikiolewa nitaendelea kufundisha. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Ndiyo maana niliwaambia wazazi nimekubali. Sasa naona hakusikia. Nataka aulizwe upya, hapo mbele ya watu."

Shangazi akaja akayasema kama yalivyo. Kabla sijafungua mdomo baba mdogo akawa ameshasimama.

"Hilo lilikwisha, waitu. Mke atakaa kwa mama wa huyu kijana wangu, alime kibanja, ualimu basi. Tumekubaliana asubuhi hii hii kwenye lori. Kila nililosema aliitikia kwa kichwa."

Watu wote wakanigeukia, na kwa mara ya kwanza katika msimu mzima hapakuwa na tabasamu la kujifichia. Baba mdogo ndiye aliyebeba posa yangu, bila yeye sikuwa na msemaji. Nikamgeukia yeye.

"Kwenye lori sikusikia, baba, unisamehe," nikasema. "Na njiani kutoka kanisani sikusikia. Sasa nimesikia. Aendelee kufundisha."

Baba mdogo akakaa. Aliimaliza posa, maana alikuwa mtu wa heshima, lakini tuliporudi mjini hakunisemesha neno njia nzima, na ilipita Krismasi kabla hajaniuliza hali.

Nyuma ya matete Kemilembe akamwambia shangazi, "Mwambie arudie."

Nikarudia.

Tangu siku ile siitikii jambo nisilolisikia. Nauliza umesemaje, nauliza tena, nauliza mpaka mtu anachoka na mimi, na akichoka shauri yake. Masikio naoshwa hospitali, nakaa kwenye foleni wazi wazi na anayetaka anione. Kemilembe alifundisha mpaka alipostaafu. Na mpaka leo akiniuliza jambo la maana, nami nikajibu "ndiyo" upesi, huacha anachofanya, akaja kusimama mbele yangu, akanitazama usoni, akasema, "Haya, nimeuliza nini?"